Tunyamaze Kwanza Pamoja na Mwenye Kuteseka

Masomo: 1 Wafalme 19:1-18; Ayubu 2:11-13; Mwanzo 24:62-67



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wengi katika parokia zetu wameipokea bila kufundishwa: kazi ya kumsikiliza mtu aliyechoka moyo na kumshauri. Na ndani ya kazi hiyo tutasema juu ya jambo moja ambalo wengine wanaliogopa na wengine wanalicheka, ndilo kutafakari: kukaa kimya mbele ya Mungu, kwa pumzi ya polepole na neno moja moyoni. Tutaeleza kwa nini tumeanza kulitumia katika chumba cha kusikiliza watu, namna tunavyolifanya, na mahali ambapo ni lazima tuliache.

1. Kosa letu

Wandugu, tuanze kwa kuungama, maana anayetaka kufundisha wengine inafaa aonyeshe kwanza alipoanguka yeye mwenyewe.

Mwaka wa 2025, baada ya vita kuingia Goma mwishoni mwa Januari, mama mmoja alikuja kwetu. Jina lake na mtaa wake tunaviacha. Alikuwa amemzika mume, amepoteza nyumba, na wiki mbili alikuwa hajalala usingizi wa kweli. Mlango ukipigwa na upepo, alikuwa anaruka. Tulimpokea kwa upendo, lakini tulimpokea kwa maneno. Tulisema naye zaidi ya saa moja. Tulimwambia awe na nguvu, asamehe, asilie kama watu wasio na tumaini. Kisha tukamzunguka, tukaomba kwa sauti kubwa, ngoma zikapigwa. Mama akaanza kutetemeka, akaanguka chini. Mmoja wetu akasema ni pepo. Mwingine akasema amefichwa dhambi fulani. Mama akainuka, akafunga kitenge chake, akaenda. Wiki tatu hakuonekana kwenye ibada.

Tulijiuliza: tumemfanyia nini? Alikuja na kelele ya mabomu masikioni, sisi tukamwongezea kelele juu ya kelele. Ngoma ni zawadi ya Mungu kwa mtu anayefurahi, tena ni nguvu ya kanisa letu. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake bado unangoja bomu lingine, mlio wa ghafula ni bomu. Kutetemeka kwake hakukuwa pepo. Kulikuwa ni woga uliokosa mahali pa kutokea.

2. Mungu alivyomshauri nabii wake

Tulirudi kwenye Maandiko, tukasoma tena habari za Eliya. Sote tunapenda Eliya wa mlima Karmeli, Eliya wa moto. Lakini sura inayofuata tunaipita haraka. Pale Eliya anamkimbia Yezebeli, anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mti na kuomba afe. Nabii mkubwa, mtu aliyeshusha moto, amechoka mpaka anataka kufa. Wandugu, kama Eliya alifika hapo, tusimhukumu mama wa kambini.

Sasa tuangalie Mungu alifanya nini, na alifanya kwa utaratibu gani. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwani safari ilikuwa ndefu kwake. Hapakuwa na hotuba wala kukemewa kwamba imani yake ni ndogo. Usingizi na chakula vilitangulia.

Eliya alipofika Horebu na kuingia pangoni, Mungu alimwuliza anafanya nini pale. Aliuliza, akangoja jibu. Kisha ukaja upepo wenye nguvu, ukaja mtetemeko wa nchi, ukaja moto. Na Biblia inasema Bwana hakuwamo katika hivyo vitatu. Sisi watu wa Kivu tunavijua vitu hivyo. Tarehe 17 Januari 2002 tuliona moto wa Nyiragongo ukipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 usiku mlima ukatoka tena, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hata watu wakakimbilia Sake na Gisenyi. Tumekwisha kuona moto na mtetemeko. Tunachokosa ni kile kilichofuata: sauti ndogo, tulivu. Eliya alipoisikia, alijifunika uso kwa vazi lake, akatoka kusimama mlangoni mwa pango.

Na baada ya ukimya ule Mungu aliuliza swali lile lile la kwanza, na Eliya akatoa jibu lile lile. Hatukuwa tumeliona hilo zamani! Mungu alikubali kumsikiliza mtu akirudia maneno yake mara ya pili. Ndipo akampa kazi ya kufanya na watu wa kushirikiana nao, akamjulisha kwamba hayuko peke yake, bali wako elfu saba. Hiyo ndiyo njia ya kushauri: pumziko, chakula, swali, masikio, ukimya, masikio tena, halafu kazi na jamaa. Sisi tulikuwa tunaanzia mwisho.

Rafiki wa Ayubu nao walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa. Waliharibu kazi siku walipofungua kinywa na kutaka kueleza sababu.

3. Kutafakari ni nini

Wengine wanadhani kutafakari ni kuwaza sana. Sivyo. Mtu aliyepatwa na msiba anawaza sana tayari. Mawazo ndiyo yanamla usiku. Katika Zaburi ya kwanza, neno la Kiebrania linalotafsiriwa kutafakari ni neno la kunong'ona kwa sauti ya chini. Isaya analitumia neno hilo kwa ngurumo ya simba juu ya mawindo yake, tena kwa kuomboleza kwa njiwa. Basi ni kazi ya pumzi na koo pamoja na akili. Angalieni ng'ombe wa Masisi jioni: amekula mchana, sasa amelala chini, anacheua polepole. Hatafuti majani mapya. Anarudia lile alilokwisha kupata mpaka liwe nguvu mwilini. Mwenye kutafakari anachukua neno moja la Mungu na kulirudia namna hiyo.

Angalieni Isaka pia. Mama yake Sara alikuwa amekufa. Sura ya 24 ya Mwanzo inatuambia kwamba alitoka jioni kwenda shambani kutafakari. Na sura hiyo inamalizika kwa kusema kwamba Isaka, baada ya kumpokea Rebeka, alifarijika juu ya kifo cha mama yake. Hatusemi kwamba kutembea shambani kulimrudisha Sara. Tunasema mtu yule alijipa nafasi ya kukaa na huzuni yake mbele ya Mungu, na macho yake yakaweza kuinuka na kuona ngamia wakija. Kuzoea maisha mapya baada ya msiba ndiko huko: kuweza kuinua macho tena.

Na Papa Simon Kimbangu, ambaye makanisa mengi ya kinabii katika nchi hii yanamheshimu, alihubiri wazi miezi michache tu ya mwaka wa 1921. Baadaye alikaa gerezani miaka 30 kule Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Kazi ya hadharani ilihesabiwa kwa miezi, na kimya kwa miaka. Hata hivyo kazi ile haikufa. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lake likapata ruhusa ya serikali. Tusidharau kimya.

4. Waganga wanasema nini

Mungu ameufanya mwili wetu na mlango wa hatari na mlango wa utulivu. Hatari ikitokea, moyo unapiga mbio, misuli inakazwa, pumzi inakuwa fupi ya kifuani. Hiyo ni rehema, maana inatuwezesha kukimbia. Shida ni pale hatari inapopita na mwili haujapata habari. Mtu anaishi kila siku kama mtu anayekimbia, hata akiwa ameketi. Hawezi kulala, hana hamu ya kula, anasahau, anakasirikia watoto bila sababu.

Hatuwezi kuuamuru moyo upige polepole. Lakini pumzi tunaweza kuiongoza, na moyo unaifuata. Mtu mzima anayepumzika anavuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza taratibu mpaka karibu mara 6, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kichwani mpaka kifuani na tumboni unaupa moyo habari ya kutulia.

Waganga wa Marekani walianza kulichunguza jambo hili zamani. Herbert Benson, mganga wa moyo kule Boston, aliandika mwaka wa 1975 kwamba mtu akikaa kimya, akarudia neno moja, na kila wazo likija akarudi kwa neno lake bila kujilaumu, mwili wake unatulia. Mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn alianza mafundisho ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, katika chuo cha waganga cha Massachusetts. Leo washauri wengi wa nchi mbalimbali wanatumia njia zilizotoka hapo.

Tuseme kweli yote, tusiwe kama wauza dawa wa sokoni. Mwaka wa 2014 wachunguzi wa Johns Hopkins waliweka pamoja majaribio 47 yenye watu 3,515. Waliona kwamba kutafakari kunasaidia kwa kiasi watu wenye wasiwasi, wenye huzuni nzito na wenye maumivu. Hawakuona kwamba kunashinda matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya mwili. Basi ni msaada mmoja kati ya misaada. Mtu asitupe vidonge vyake.

5. Je, si kufungulia pepo mlango?

Swali hili tumeulizwa na wazee wetu, na ni swali zuri. Wanasema: Kabat-Zinn alijifunza kwa Wabudha wa Asia, na Yesu alifundisha juu ya nyumba tupu ambayo pepo alirudi na wenzake saba.

Ni kweli kwamba waganga hao walijifunza mengi Asia, wala hatufichi. Lakini pumzi haina dini. Mwanzo sura ya 2 inasema Mungu mwenyewe alimpulizia mtu pumzi. Mhindi anapumua, Mbudha anapumua, Mkongo anapumua, na Mwenye pumzi ni mmoja. Mtume Paulo aliwaambia Wathesalonike wapime mambo yote na kushika yaliyo mema. Tumepima.

Na juu ya nyumba tupu: sisi hatuwaachi watu na nyumba tupu. Tunawaketisha na Jina la Bwana ndani yake. Anayekaa kimya na Jina hilo anafanya alivyofanya Yesu, ambaye aliamka kabla ya mapambazuko na kwenda mahali pasipo watu. Na wanafunzi walipochoka hata kukosa nafasi ya kula, aliwaita wapumzike kando. Nyumba ya yule mama ilikuwa imejaa tayari: milio, damu, majina ya wafu. Kimya hakikumwondolea kitu chema. Kilimpa nafasi ya kupitisha pumzi.

Lakini tunasema na hili kwa sauti ya wazi: si kila mtetemeko ni pepo, na si kila mtoto anayelia usiku au anayekojoa kitandani baada ya vita ni mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na Injili ilikuwa imekwisha kutukataza. Mwenye karama ya maono aombe pia karama ya kungoja kabla ya kusema.

6. Namna tunavyofanya

Yule mama alirudi kwa sababu ya mama mzee mmoja wa parokia. Mzee huyo alimfuata nyumbani alipohifadhiwa, akaketi naye kwenye mkeka, akachukua ungo, wakaanza kuchagua maharagi. Hakuuliza kitu. Baada ya muda mrefu akamwambia: "Mwanangu, weka miguu chini, usikie udongo. Tupumue pamoja." Hivyo ndivyo tulivyojifunza, na leo tunafanya hivi:

Kwanza, tunauliza kama amekula na kama ana mahali pa kulala. Asiye na chakula hatumfundishi kupumua, tunamtafutia chakula.

Pili, tunaketi mahali pa salama, karibu na mlango ulio wazi, ili ajue anaweza kutoka. Tunamwomba ruhusa. Akikataa, tunaacha.

Tatu, tunamsikiliza. Hatumlazimishi kusimulia yaliyompata. Akirudia, tunasikiliza mara ya pili kama Mungu alivyomsikiliza Eliya.

Nne, tunamwambia aweke nyayo chini na mikono juu ya mapaja. Macho yabaki wazi, yaangalie kitu kimoja: jani, taa, msalaba. Ataje vitu vichache anavyoviona na kuvisikia sasa hapa. Hii inaujulisha mwili kwamba uko leo, hauko siku ile.

Tano, anavuta pumzi kwa pua, taratibu, akisema moyoni "Baba". Anaitoa kwa muda mrefu zaidi akisema "niko kwako". Mawazo yatakuja. Asipigane nayo, akigundua ametoka, arudi kwa neno lake, kama mama anavyomrudisha mtoto kwenye mkeka bila kumpiga. Siku za kwanza dakika tatu zinatosha. Baadaye kumi, asubuhi na kabla ya kulala.

Sita, mwishoni tunauliza: "Kesho utafanya kazi gani ndogo, na nani atakuwa nawe?" Kuchota maji na jirani, kwenda kwenye mkutano wa wamama, kufua nguo za watoto. Kutafakari kusikomtoa mtu pangoni hakujamaliza kazi yake.

Na sisi washauri tunafanya hivyo hivyo kabla ya kumpokea mtu. Anayekuja na moyo wa mbio akikuta moyo mwingine wa mbio, watakimbia wote wawili.

7. Mahali pa kusimama

Tulikosea tena baadaye. Kijana mmoja tulimwambia afumbe macho. Giza lilipokuja, aliona yale aliyoyakimbia, akapiga kelele. Tangu siku ile tunaacha macho wazi. Kimya kinaweza kumwumiza mtu ambaye jeraha lake bado ni bichi. Akizidi kutetemeka, akianza kutazama kama mtu asiyekuwapo, tunasimama, tunatembea naye, tunampa maji, tunazungumza juu ya vitu vya kawaida.

Anayesikia sauti zisizokuwapo, anayesema anataka kujiua, mwenye kifafa, aliyebakwa, asiyelala siku nyingi: hao tunawasindikiza kituo cha afya. Hatuwatumi tu, tunakwenda nao, tunangoja nao kwenye benchi. Aliyebakwa asicheleweshwe hata siku moja kwa sababu ya maombi, kwani dawa ya kuzuia ukimwi inafaa ianzwe kabla ya saa 72. Hapa Kivu tuna hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na mganga Denis Mukwege mwaka wa 1999 kule Bukavu. Yeye ni mwana wa mchungaji, na mwaka wa 2018 alipewa Tuzo la Nobel la Amani. Katika kazi yake mkono wa kupasua na mkono wa kufariji havikutengwa. Tusivitenge sisi.

Na tusiutumie utulivu kuwanyamazisha watu. Aliyenyang'anywa shamba ana haki ya kulidai. Kumfundisha kupumua ili asahau haki yake ni kumsaidia mwizi. Tunamfundisha apumue ili apate nguvu ya kusimama.

8. Neno la mwisho

Mnataka kujua yule mama yuko namna gani. Hatuna muujiza wa kuwatangazia. Usiku ule wa kwanza alilala saa nne hivi, akashangaa mwenyewe. Kituo cha afya kilimpa dawa kwa muda. Baada ya miezi alirudi sokoni na beseni la sambaza. Bado analia mvua ikinguruma, na bado kuna siku anakaa nyuma ya kanisa karibu na mlango. Ngoma zikianza, anaweka mkono juu ya kifua, anapumua, anabaki. Zamani alikuwa anatoka.

Wandugu, hiyo "anabaki" ndiyo tunayoiomba kwa ajili ya watu wetu. Tunaomba kila parokia iweke chumba au kivuli cha mti kwa kazi hii, iwachague wamama na wapapa wenye kujua kutunza siri, na kabla ya maombi ya kila Jumatano ikae kimya dakika tano, wote pamoja, wakubwa kwa wadogo. Wapiga ngoma waanze taratibu, wasipasue kimya kwa ghafula, kwa ajili ya yule ambaye hatujui yuko kati yetu.

Ee Baba, uliyemwacha Eliya alale, utufundishe kuwaacha watoto wako wapumzike. Utupe masikio kabla ya ulimi. Wenye kukimbia ndani ya mioyo yao, uwafikishe. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.